Kwa Nini Ndege Yangu Inakalia Mkia? Majibu kwa Wasomaji Wanaounda Modeli za Plastiki

Toleo lililopita tulieleza namna ya kuunganisha ndege ya abiria ya plastiki ya kipimo cha 1/144, yaani kila sentimita moja ya modeli ni mita 1.44 ya ndege yenyewe. Barua zimemiminika, nyingi kutoka Dodoma na mikoa ya jirani. Tumechagua saba. Mtaona kwamba nusu ya matatizo hayana uhusiano na mkono wa fundi. Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi imeandikwa na watu wanaoishi kwenye hewa yenye unyevu na isiyo na vumbi, na hapa kwetu mwezi wa nane hakuna kimojawapo.

Ndugu wahariri, nimemaliza Boeing 787-8. Nikiiweka mezani inanyanyua pua na mkia unagusa meza. Maelekezo yalionyesha mchoro wa kipande cha uzito ndani ya pua, nikaupuuza. Sasa bodi imeshafungwa na kupigwa msasa. Kuna dawa?
*Msomaji, Area C*

Ipo, ila ni ya jasho kidogo. Tuanze na sababu. Ndege halisi ina injini nzito chini ya mabawa, mafuta ndani ya mabawa na mitambo kwenye pua, kwa hiyo uzito wake unaangukia mbele kidogo ya magurudumu makubwa. Yako ni plastiki tupu. Injini zake ni maganda, na nyuma ya magurudumu kuna bodi ndefu pamoja na mkia na mabawa yake madogo. Lazima ikae kitako.

Geuza ndege utazame shimo la gurudumu la pua. Kwa kawaida limezibwa kwa kiboksi cha plastiki. Toboa dari la kiboksi hicho kwa ncha ya kisu ukiizungusha taratibu, hadi upate tundu la milimita 4 hivi. Kisha ingiza vipande vidogo vya risasi kimoja kimoja. Chubwi za wavuvi zinafaa, na wauza vifaa vya kuvulia wanaowahudumia watu wa Mtera wanazo. Vipande chakavu vya balansi ya magurudumu kwa mafundi matairi vinafaa pia, ukivikatakata. Nati ndogo za chuma zitasaidia, ila chuma ni chepesi kuliko risasi, na nafasi ndani ya pua ni finyu.

Kabla ya kutia gundi, jaribu. Bandika magurudumu kwa masking tepu, simamisha ndege, na ongeza uzito mpaka pua ishuke. Ikishashuka, ongeza tena kama theluthi moja ya uzito uliotumia, maana ndege inayosimama kwa bahati itainuka tena siku mtu atakapogonga meza. Sukuma uzito mbele uwezavyo. Gramu 10 zilizoko sentimita 15 mbele ya magurudumu makubwa zinafanya kazi sawa na gramu 15 zilizoko sentimita 10.

Sasa gundi. Usitumie gundi nyeupe ya mbao kushikilia risasi. Inapokauka hutoa asidi ya namna ya siki, risasi inageuka unga mweupe unaovimba, na baada ya miaka michache pua inapasuka ikiwa kabatini bila kuguswa na mtu. Tumia epoksi, ile ya mirija miwili ya kuchanganya. Mimina kidogo, elekeza pua chini, subiri ikauke, ndipo uongeze. Ukimimina nyingi kwa mpigo inachemka yenyewe inapokauka, na joto hilo linaweza kupinda plastiki nyembamba. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika risasi, na isiwe kazi ya mtoto.

Kama tundu halitoboleki, injini ndiyo njia ya pili kwa sababu zinaning'inia mbele ya magurudumu makubwa. Hiyo ni kwa aliyeziacha wazi. Aliyekwishazifunga abaki na kijiti cha plastiki angavu chini ya mkia. Si dhambi.

Shikamooni wahariri. Mimi ni mwanafunzi. Niligundisha vioo vya madirisha kwa supaglu, kesho yake vyote vimekuwa vyeupe kama vimepumuliwa. Rafiki yangu anasema nivifute kwa petroli. Je, ni sawa?
*Msomaji, Kikuyu*

Marahaba. Petroli usiisogeze kabisa. Modeli hizi ni za polistirini, na petroli inaitia nyufa nyembamba kama za udongo wa bwawa lililokauka. Thina ya magari na dawa ya kutolea rangi ya kucha ni vilevile, zenyewe zinayeyusha kabisa. Tena ni vitu vya kuwaka moto, na wengi tunafanyia kazi karibu na jiko.

Weupe ule ni mvuke wa supaglu uliotua juu ya kioo na kuganda, hasa palipoguswa na vidole. Ukiwa unafikika, unatoka: sugua kwa msasa wa maji namba 2000 ukiwa umelowa, kisha dawa ya meno nyeupe (isiwe ya jeli) kwa kitambaa laini, dakika kadhaa kwa kila kioo. Suuza. Ukiwa upande wa ndani na bodi imefungwa, achana nao.

Mara nyingine vioo vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Hapa ndipo mahali pake, kwa sababu haina mvuke wa kuchafua kioo na inakauka angavu. Supaglu iache kwa vipande vya chuma. Na ujue kwamba supaglu inahitaji unyevu wa hewa ili ishike, ndiyo maana kiangazi cha Dodoma inachelewa, mtu anaongeza tone la pili na la tatu, na mvuke unazidi. Pumulia sehemu moja pumzi ya mdomo kama anayesafisha miwani, halafu bana. Itashika.

Kwa vipande vyote vya plastiki kwa plastiki, gundi ni ile maalumu ya modeli, nyembamba kama maji, ya chupa yenye brashi ndani ya kifuniko. Haibandiki bali inayeyusha nyuso mbili zikawa moja. Usiitie kwenye kioo, na usishike ukingo wa maungio wakati unaipaka, maana inakimbilia chini ya kidole na kuacha alama yake hadi mwisho.

Ushauri mwingine, kama bado hujaanza ndege ya pili: kwenye kipimo cha 1/144 si lazima kuhangaika na vioo. Dirisha la Boeing 787, ambalo ni kubwa kuliko ya ndege nyingi za abiria, lina urefu wa takriban sentimita 47, kwa hiyo kwenye modeli ni milimita 3 na kidogo. Mafundi wengi wanaziba matundu yote kwa puti, wanapaka rangi, kisha wanabandika madirisha ya stika. Mchana ukitazama ndege kiwanjani kutokea uzioni, madirisha yake ni vidoa vyeusi tu.

Wahariri, habari za kazi. Nilipiga rangi nyeupe ya kopo mwezi wa nane, uani, saa nane mchana. Bodi imetoka inakwaruza kama msasa, na vumbi jekundu limo ndani yake. Rangi ni ya bei, kopo jipya. Nini kimetokea?
*Msomaji, Kisasa*

Yangu niliipiga Januari baada ya mvua. Rangi ilikuwa nzuri, lakini nilipopiga klia, ile rangi angavu ya kumalizia, ikatoka na ukungu mweupe.
*Msomaji, Kondoa*

Tunawajibu pamoja, maana ni kosa moja lenye nyuso mbili: saa.

Wa Kisasa, rangi yako ilikauka ikiwa bado angani. Hewa kavu, jua la utosini na upepo vilinyonya thina kutoka kwenye matone kabla hayajafika kwenye plastiki. Yakatua yakiwa unga. Rangi nzuri inatakiwa itue ikiwa imelowa, ing'ae kwa sekunde kadhaa, ndipo ijisawazishe.

Piga kati ya saa 1 na saa 2 na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Chagua chumba chenye madirisha mawili yaliyo wazi, au varanda iliyokingwa, na nyunyiza maji sakafuni dakika kumi kabla, kama unavyonyunyizia uwanja usije ukatimua vumbi kwa fagio. Futa ndege kwa kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni ya vyombo. Plastiki iliyosuguliwa kavu inajaa umeme na kuvuta vumbi kama sumaku, hivyo ukiifuta kwa kitambaa kikavu unaiongezea.

Kopo litikise dakika mbili nzima baada ya kusikia gololi. Shika umbali wa sentimita 15 hivi. Wengine wanaandika 25 au 30, na ndiyo hasa yanayoleta unga huku kwetu. Anza kubonyeza kabla mkono haujafika kwenye pua, pita bodi nzima bila kusimama, achia ukishapita mkia. Ukianzia na kuishia juu ya modeli, ndipo michirizi inapozaliwa.

Nyeupe haifuniki haraka. Mkono wa kwanza uwe praima ya kijivu hafifu, nyepesi. Ikikauka, itakuonyesha kila mkwaruzo, kwa hiyo rudi na msasa wa maji namba 1000. Kisha mikono mitatu au minne ya nyeupe, kila mmoja mwembamba kiasi cha kuona kijivu kwa chini, na dakika 15 hadi 20 kati ya mmoja na mwingine. Baada ya kila mkono funika modeli kwa beseni lililoinamishwa juu ya matofali mawili madogo, hewa ipite na vumbi lisiingie. Acha usiku kucha.

Kama unatumia rangi ya kopo ya magari, jua kwamba thina yake ni kali kwa polistirini. Mikono miwili ya mwanzo iwe ya kugusa tu kama ukungu, na ujaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki ya boksi, yaani vijiti vya plastiki vilivyoshika vipande. Ikikunjamana pale, itakunjamana kwenye bawa. Rangi ya mafuta ya nyumba hatuipendekezi kwa ndege nyeupe: inakauka kwa siku, inavaa vumbi la siku hizo zote, na ndani ya kabati lenye giza inageuka njano.

Wa brashi ya hewa, yaani kinyunyizio kidogo cha rangi kinachoendeshwa na kompresa, wana shida yao. Akriliki inakauka kwenye ncha ya sindano kila baada ya dakika chache na kuanza kutema vibonge. Ongeza thina yake kidogo na matone ya kichelewesha ukaukaji, uwe na brashi yenye thina mkononi kufuta ncha, na usilaumu kompresa.

Sehemu iliyokwishaharibika ya Kisasa haihitaji kuvuliwa rangi. Subiri siku mbili, sugua kwa msasa wa maji 1000 kisha 2000, maji mengi na sabuni, hadi kiganja kisisikie kitu. Piga mkono mmoja juu yake, asubuhi.

Kondoa, kwako ni kinyume. Thina inapokauka inapoza uso wa rangi, na hewa ya baada ya mvua inaacha umande mdogo ndani ya klia. Huo ndio ukungu. Siku kavu, pitisha mkono mwembamba wa klia ileile juu yake. Mara nyingi thina mpya inafungua ile ya chini na ukungu unatoka. Wakati wa masika subirini saa nne au tano, jua likishakausha hewa.

Mshono wa juu ya bodi niliuziba kwa puti, nikausugua ukapotea kabisa. Wiki mbili baada ya kupaka rangi umerudi, mstari mwembamba kutoka pua hadi mkia.
*Msomaji, Singida*

Ulisugua mapema. Gundi ilikuwa imekauka juu tu, na hali ya hewa yetu inadanganya sana hapo, kwa sababu ngozi ya juu inakuwa ngumu haraka huku ndani kungali laini. Ukisugua wakati huo unaacha pakiwa sawasawa, halafu thina iliyobaki inatoka polepole na plastiki inanywea. Mstari unarudi.

Fuata hivi. Bana nusu mbili za bodi zikiwa kavu, gusa maungio kwa brashi ya gundi na uiache itambae yenyewe. Hesabu hadi 30, kisha bonyeza nusu hizo mpaka uzi mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka uchomoze kwenye mshono wote. Uzi huo ndio puti bora kuliko ya dukani. Funga kwa raba bendi na masking tepu, si kwa vibanio vya nguo vyenye springi kali, vinaacha tumbo. Weka saa 48. Kisha kwangua kwa wembe ulioshikwa wima, halafu msasa 400, 600, 1000.

Penye pengo, puti ya mafundi bodi wa magari ile ya kuchanganya na kigumu inafaa na hainywei sana. Ile ya bomba moja ina thina, basi paka tabaka jembamba na usubiri siku. Wengine huchanganya supaglu na poda ya mtoto. Inaziba vizuri sana, ila isugue ndani ya saa moja. Ikilala inakuwa ngumu kuliko plastiki iliyo pembeni, na kila ukisugua unachimba plastiki na kuacha puti imesimama kama mgongo wa nyati.

Jambo dogo ambalo wengi hulikosea: bodi ni duara. Kipande cha msasa kikizungushiwa ubao bapa kinakata njia tambarare juu ya ndege, na nyeupe inayong'aa itaitangaza. Kunja msasa mara mbili tu, uushike kwa vidole, sugua kwa kukatiza mshono kama unayemenya yai.

Stika za maji zimetoka na ung'avu wa fedha kwa chini, na zilipokauka zikaacha duara nyeupe pembeni. Nilifuata maelekezo yote. Pia nataka twiga wa Air Tanzania, ila boksi langu lina stika za shirika la nje.
*Msomaji, Nzuguni*

Ung'avu wa fedha ni hewa iliyonaswa kwenye vinyweleo vya rangi isiyong'aa. Dawa ni kupiga klia inayong'aa kabla ya stika, siku moja nzima kabla. Stika iliyokwisha kaa, itoboe kwa ncha ya sindano mara kadhaa, tia tone la kilainisha stika, ibonyeze kwa pamba yenye unyevu. Siki nyeupe iliyozimuliwa nusu kwa nusu inasaidia stika laini. Kwa zile nene itakuchosha tu.

Duara nyeupe ni maji. Maji mengi ya visima katika mkoa huu ni magumu, unayaona kwenye sufuria na birika, na tone likikauka juu ya rangi ya bluu linaacha chumvi yake hapohapo. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa, au maji safi ya betri ya duka la spea. Soma lebo. Yawe maji, sio asidi, maana chupa zinafanana na zinakaa rafu moja.

Kata stika karibu na mchoro, ichovye sekunde 10 hadi 20, itoe ikiwa na karatasi yake na uiache dakika moja. Isiposogea usiilazimishe. Lowesha mahali pake, iteleze, ipange kwa brashi yenye maji, kausha kutoka katikati kwenda pembeni. Boksi lililokaa dukani kwenye joto la bati huwa na stika zilizokauka na kupasuka vipande ndani ya maji. Jaribu moja usiyoihitaji. Ikipasuka, pulizia karatasi nzima klia, subiri ikauke, na sasa kila mchoro lazima uukate mwenyewe.

Twiga utamchapa kwenye karatasi ya stika ya printa. Zipo za wino na za leza, usizichanganye. Ya wino lazima ipuliziwe klia mikono miwili au mitatu myepesi kabla ya kuchovywa, la sivyo rangi itaogelea. Printa hazichapi nyeupe. Kwa hiyo kila palipo peupe kwenye mchoro pataonyesha rangi ya chini. Juu ya bodi nyeupe tumia karatasi angavu. Juu ya rangi nzito tumia karatasi nyeupe na ukate kwa kufuata mstari.

Baba na mtoto wa miaka 11 tunataka kuanza. Tungependa ndege tunayoiona ikitua Dodoma. Tuchukue ipi?
*Msomaji, Mpwapwa*

Airbus A220-300 ndiyo yenu. Ile ya Air Tanzania yenye usajili 5H-TCH, iliyofika nchini Desemba 2018, ilipewa jina la Dodoma. Ndege halisi ina urefu wa mita 38.7 na mabawa ya mita 35.1, kwa hiyo kwenye 1/144 ni kama sentimita 27 kwa 24, inakaa juu ya redio. Boksi la zamani likiandikwa Bombardier CS300 msilirudishe. Ni ndege ileile, Airbus ilibadilisha jina Julai 2018. Boeing 787-8 ni sentimita 39 kwa 42, na rangi nyeupe juu ya eneo kubwa namna hiyo haifai kuwa somo la kwanza.

Kabla ya yote osheni fremu zote kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu zina mafuta ya kiwandani yanayokataa rangi. Msinyonyoe vipande kwa mkono. Kata kwa plaizi ndogo ukiacha milimita mbili, kisha ondoa kibaki kwa wembe, na wembe uwe wa baba. Chungeni injini ya kushoto na ya kulia, vishikio vyake havifanani, na namba za vipande zipo kwenye fremu, sio kwenye kipande chenyewe. Ukishakata vyote kwa mpigo, hutajua kipi ni kipi.

Mabawa yakishatiwa gundi, pimeni kwa rula kutoka mezani hadi ncha ya kila bawa. Tofauti ikizidi milimita moja, inueni lililoshuka kwa boksi la kiberiti chini yake na muache hivyo mpaka kesho. Likiwa limekauka limeshuka, litabaki limeshuka.